Visu vya Dada Yangu

Mke wangu alipofariki, dada yangu mkubwa alikuja kutoka Ipole na begi moja, akaingia jikoni kwangu hapa Mtendeni, na ni kama hakutoka tena mpaka tulipoanua tanga. Waombolezaji walikula na kushiba. Mimi sikujua walikula nini. Nilikuwa nikikaa nilipokalishwa na kuinuka nilipoinuliwa.

Mahema yalipoondolewa uani ndipo nilipomwona dada vizuri. Alikuwa akimenya viazi, kidole gumba amekifunga kipande cha kanga.

"Umefanya nini, dada?"

"Visu vyenu hivi, mdogo wangu. Vinatafuna, havikati."

Ni kweli. Mke wangu aliugua muda mrefu, na muda wote huo hakuna aliyekumbuka kunoa kitu. Nilitaka nimpe dada zawadi kabla hajaondoka. Kanga alishapewa na wenzake. Nikaamua visu, tena vizuri, nikatoka kabla uvivu haujanirudisha ndani.

Nilikuwa nimechoka uchovu usiotibika kwa usingizi. Duka la kwanza walinionyesha seti ya mipini myekundu, visu vingi vimepangwa kwenye boksi, vinang'aa. Ningeichukua ili mradi nirudi nyumbani nikakae. Lakini nilipobonyeza bapa la kisu kimoja kwa kidole, lilipinda kama kifuniko cha kopo. Nikashukuru, nikaondoka.

Duka la pili ni la mama mmoja wa Kiarabu, ambaye ukoo wake umefanya biashara Tabora tangu enzi za misafara. Nilimwambia shikamoo, akaitikia marahaba, akanitazama usoni, kisha akanisogezea kiti.

"Keti kwanza, mwanangu. Visu havikimbii."

Nikakaa. Akauliza namnunulia nani. Nikasema dada yangu.

"Anapikia watu wengi?"

"Siku hizi, ndiyo. Tumefiwa."

"Poleni sana. Ana mkono mkubwa au mdogo?"

Swali jepesi, likanishinda. Huyu ni dada aliyenibeba mgongoni, na mkono wake sikuwahi kuutazama. Nilichokumbuka ni kwamba pale makaburini alinishika, na kiganja chake, kikavu na kigumu, kikafunika vidole vyangu vyote.

"Mkubwa," nikasema, nikageuza uso. Yule mama akainama kama anayetafuta kitu chini ya kaunta.

Aliinuka na seti ya visu vitatu: kikubwa, cha kati na kidogo cha kumenyea. Akanionyesha jinsi chuma kilivyopita ndani ya mpini mpaka mwisho, akanipa nishike nisikie uzito unavyotulia kiganjani. Nikauliza kama hakuna seti kubwa zaidi.

"Zipo. Lakini mpishi hutumia hivi vitatu tu. Vingine vitakaa vikishika vumbi."

Akaongeza chuma cha kunolea, akavifunga kwa magazeti, tabaka juu ya tabaka.

Nyumbani nilimnyooshea dada kile kikubwa. Akarudisha mikono nyuma.

"Weka chini! Kisu hakipokewi mkononi, tutakuja kugombana."

Nikakiweka mkekani. Akakiokota, akapasua kitunguu mara moja, akavitazama vipande. Machozi yakamtoka, na mwanzoni nilidhani ni kitunguu.

"Wifi yangu angevipenda hivi," akasema.

Tukalia pale jikoni, sisi wawili, bila mtu wa kutunyamazisha. Katika msiba mzima sikuwa nimelia hivyo.

Asubuhi nilimsindikiza stendi, akapanda basi, visu amevizungushia kanga katikati ya begi. Nilirudi kwenye nyumba tupu na kula viporo nikiwa nimesimama. Wiki zile zilipita hivyo.

Kisha mchana mmoja akanipigia simu kutoka Ipole, anafoka.

"Shemeji yako kachukua kile kisu kikubwa, kaenda nacho porini kukatia masega ya asali! Kakirudisha kinanata mpini mzima, wala haoni aibu!"

"Basi, dada, nitamnunulia na yeye chake."

"Thubutu! Aoshe kwanza hicho!"

Nikacheka, na kicheko chenyewe kikanichosha kama kazi ya jembe. Dada bado alikuwa akisema upande wa pili. Nikaegemeza kichwa kwenye kiti, nikawa namsikiliza tu, mpaka usingizi ukanichukua.