Tulivyopura Kitenzi cha Kihispania Iringa

Siku yangu ya kwanza kazini, mwanzoni mwa miaka ya sabini, Mkuu wa Chuo cha wauguzi pale Iringa hakunikaribisha hata chai. Nilikuwa nimetoka masomoni Kuba, suruali ya bugaluu, kichwa kimevimba. Akaniambia, "Kijana, madaktari wa Kikuba wanakuja mkoani. Mmoja atapita kuwapima wauguzi wako. Wakishindwa kusema naye Kihispania, darasa nalifunga, na wewe utakwenda masjala kupanga mafaili."

Nikaanza na hablar, yaani kusema. Niliwaeleza kwamba Kiswahili humtaja mtendaji mwanzoni mwa kitenzi, lakini Kihispania humweka mkiani. Shina habl- halibadiliki. Hablo, ninasema, hablas, unasema, habla, anasema, hablamos, tunasema, hablan, wanasema, na hata mnasema, maana Wakuba hutumia hiyohiyo. Ubaoni ilipendeza kweli. Ila nikimsimamisha mtu ajibu, anatazama viatu vyake. Wiki zikapita, darasa bubu, na mimi hofu imenijaa.

Jumamosi moja tulikuwa kwenye shamba la chuo tukipura maharage. Wauguzi wamezunguka turubai, fimbo zinapishana, wanaimba Kihehe kwa kupokezana. Mabubu wangu haohao! Nikamuuliza Mama Tulinagwe, muuguzi mkongwe kutoka Tukuyu, kwa nini darasani wananinyima sauti.

"Mwalimu, wewe unamsimamisha mtu peke yake kama mshitakiwa," akacheka. "Sisi huku kazi ni ya wote. Hebu shika fimbo."

Nikashika. Yangu ikashuka na hablo, yake na hablas, zamu ikazunguka hadi hablan, tukaanza upya. Maharage yanakwisha, tulikuwa tumeshapura na curar, kutibu. Nilirudi nyumbani viganja vina malengelenge na furaha tele.

Daktari alipofika, Mkuu akiwa pembeni amekunja uso, alimsimamisha binti mmoja, Atuganile, amtajie curar. Akatazama viatu vyake. Mama Tulinagwe akagonga sakafu kwa kisigino, jirani yake naye akagonga. Curo! Curas! Cura! Madirisha yakatetemeka. Daktari akataja kitenzi ambacho sikuwa nimewafundisha, esperar, kusubiri, akawapa maana yake. Wakakipura chote bila kukwama.

Ndipo Atuganile, aliyekuwa bado amesimama, akamtazama daktari usoni, akamwambia peke yake, "El paciente espera, doctor." Mgonjwa anasubiri, daktari.

Mkuba yule alicheka, akapiga makofi, na Mkuu wangu akapiga kuliko wote. Tangu hapo aliniita Mwalimu, si kijana tena.

Baadaye nikahamishiwa Mbeya, kisha Rujewa, ambako tulipura mpunga badala ya maharage. Nimestaafu bila cheo cha kutisha mtu, lakini najisifu bila haya: hakuna muuguzi wangu aliyesimama mbele ya daktari akakosa neno la kumsemea mgonjwa wake.