Kidari cha Baba Mkubwa

Wivu wangu kwa mdogo wangu ulianza shuleni, yeye akiwa wa kwanza kila muhula na mimi nikiulizwa kama kweli tumezaliwa tumbo moja. Alipougua akili akiwa kidato cha sita, akawa anasikia sauti, nililia na watu. Lakini moyoni, Mungu anisamehe, kuna mahali palipoa.

Sauti zilinyamaza miaka mingi iliyopita, dawa anameza. Kumbukumbu ndiyo haikurudi. Daktari wa Moshi alituambia kukumbuka na kupanga mambo vitamsumbua maisha. Mtume dukani vitu vitatu, atarudi na kimoja, tena baada ya saa mbili. Basi mama akawa wake peke yake. Mimi niliezeka nyumba nzima bati jipya, nikapewa "asante, baba". Yeye akikumbuka kumkatia ng'ombe majani bila kuambiwa, majirani wote watasimuliwa. Roho inauma, nisiwadanganye.

Tangu baba afariki, mbuzi wa Desemba, anayechinjwa ukoo ukikutana, namgawa mimi, mtoto wa kwanza. Kwetu nyama haigawiwi ovyo: kila ndugu ana kipande chake, na ukikosea umemvunjia mtu heshima. Mwaka jana nafika nyumbani Marangu kutoka mjini, mama ananiambia, "Safari hii atagawa mdogo wako." Kumbe mwezi mzima alikuwa akimfundisha kwa vipande vya mgomba, kimoja kimoja. Mimi hakuna aliyewahi kunifundisha hata siku moja. Nilijifunza kwa kuchungulia.

Akaanza taratibu, ukoo mzima umetulia. Shingo, mguu, mbavu, kila kimoja kikaenda kwa mwenyewe, na mama anatabasamu utadhani ni harusi. Alipofika kwenye kidari akasimama, kisu mkononi. Kidari ni cha baba mkubwa. Nilijua kama ninavyojua jina langu. Nikafunga mdomo. Nilitaka ashindwe mbele ya watu, hiyo ndiyo kweli.

Akanigeukia. "Kaka, nimesahau. Hiki cha nani?"

"Hata mimi sikumbuki," nikasema.

Uso wake ukabadilika. Akaweka kisu chini, akaja akanishika bega kwa mkono wenye mafuta.

"Pole, kaka," akaninong'oneza. "Na mimi ilianza hivihivi. Usiogope, nitakupeleka mwenyewe kwa daktari."