Kisanduku cha Baridi Kwenye Kinyungu Changu

Vijana mtakaosoma haya, msidhani nasimulia ili mcheke. Bado nina hasira.

Ilikuwa zamani za Mwingereza, hapa Njombe. Kinyungu changu, yaani bustani ya bondeni tunayolima kiangazi, ndicho kilichotulisha mpaka mahindi ya mlimani yakomae. Mume wangu alikuwa amepanda lori Makambako kwenda kukata mkonge. Watoto walinitazama mimi.

Akaja Mzungu wa kilimo na karani wake, mtu wa kwetu, kaptula imepigwa pasi. Wakasimamisha katikati ya matuta yangu kisanduku cheupe chenye miguu. Ndani yake kalamu ilichora mstari yenyewe kwenye karatasi inayozunguka.

"Kamwene, mama," karani akanisalimu. "Hiki kinapima baridi usiku na mchana. Hakilali."

"Kwa baridi hii hata mimi silali. Mbona hamkuja kuniuliza?"

Hakucheka. Akasema bwana amekataza moshi bondeni, eti moshi unakidanganya chombo.

Sasa sikilizeni. Sisi, miezi ya sakitu, ule umande unaoganda, tunafukiza majani mabichi kando ya matuta tangu jioni, moshi ulale juu ya viazi kama blanketi. Mama yangu alifanya hivyo, na mama yake pia. Nikaeleza yote. Karani akamfasiria bwana, bwana akatikisa kichwa. Atakayewasha moto atapelekwa bomani.

Tukaacha. Haikupita wiki, nikaamka nikakuta bonde lote jeupe. Jua lilipopanda, viazi vya matuta ya chini vikawa vyeusi, vimelegea kama mboga iliyochemshwa. Bwana akaja, akafungua kisanduku, akatazama karatasi, akatabasamu!

"Anafurahia nini?" nikauliza.

"Mstari umeshuka vizuri, mama. Anasema ni kazi nzuri."

"Mwambie basi aje awapikie wanangu huo mstari."

Hakumwambia. Aliangalia viatu vyake.

Walipoondoka nikashika panga la kukatia majani, shemeji yangu akaanza kunong'ona. "Shemeji, tuvumilie. Watakufunga."

"Huko jela wanakula. Hapa tutakula nini?"

Matuta ya juu yalikuwa bado ya kijani. Nikawaita wote wa nyumba yangu, nikasema, "Kateni majani mabichi sasa hivi. Jua likizama, washeni kila pembe ya kinyungu. Na pale kwenye kisanduku wekeni lundo kubwa kuliko yote."