Alama ya Marehemu

Wanafunzi walimwita Bi Mkasi, maana kazi ikipita mikononi mwake ilirudi imekatwakatwa. Alifundisha ustawi wa jamii chuo kikuu tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na mwaka ule akawekwa kwenye jopo la kupima ubora wa tafiti za idara. Miongoni mwa kazi alizopewa ulikuwamo utafiti wa mwisho wa kijana aliyemfundisha mwenyewe, ambaye baadaye alikuja kukaa naye ofisi moja, kabla ugonjwa wa figo haujamwondoa duniani.

"Mwachie mwingine, dada," mkuu wa idara alimsihi. "Utajiumiza bure."

"Mwingine atamwonea huruma," alijibu. "Au hatamsoma kabisa."

Utafiti ulihusu wazee waliotelekezwa wodini na watoto wao. Kurasa za mwanzo zilimchekesha. Ni kama alimsikia kijana mwenyewe, na utani wake ule. Kisha mambo yakaanza kulegea. Waliohojiwa walikuwa wachache mno, na mahojiano mengi yalikatika njiani: hapa kaacha maswali amnyweshe bibi maji, pale katoka kumpigia simu mtoto wa mzee fulani, hakurudi tena kwenye mada. Mwishoni alidai makubwa kuliko alichokiona. Bi Mkasi alilia, akajifuta, akaandika kwamba utu ni mwingi, ushahidi haba. Akampa alama ya chini.

Jumapili akaenda kwa mama wa marehemu, habari zisije zikamfikia kwa watu.

"Mwalimu, nasikia mnapima kazi ya mwanangu," mama alisema hata kabla mgeni hajakaa vizuri. "Amefanyaje?"

"Haijafikia kiwango, mama. Angekuwa hai ningemrudishia, angeninunia wiki nzima, halafu angeitengeneza."

"Kununa! Huyo alizaliwa amenuna," mama akacheka. Kisha akaanza kunyoosha kitambaa cha meza kilichokuwa kimenyooka tayari.

"Ungenidanganya tu, mwalimu," alisema hatimaye, kwa upole. "Mimi ningejulia wapi?"

Bi Mkasi alimshika mkono, wakakaa hivyo mpaka chumba kikaingia giza.

Mwaka uliofuata jopo lilipomwita tena, alikataa. Alipoulizwa sababu, alisema macho yamechoka.