Chumba cha Mke wa Dalali

Dalali mmoja wa nyumba, ambaye mtaa mzima ulimwita Ya Tatu, alikuwa na mtindo wake wa kazi. Mteja akija, kwanza anapelekwa kwenye chumba ambacho mlango wa choo haufungiki. Kisha anapelekwa penye jirani mwenye mdomo. Akishakata tamaa, miguu inamuuma, ndipo anafunguliwa cha tatu, cha kawaida tu, naye anakiona kama peponi. Mtu hachagui nyumba, Ya Tatu alipenda kusema, anakimbia tu ile aliyotoka kuiona. Kwa miaka ishirini na miwili hakukosea sana.

Yeye mwenyewe aliishi na mkewe ghorofa ya nne. Miguu ya mama huyo ilianza kuvimba mwaka juzi, na tangu mvua zilizopita hakuwa ameshuka zile ngazi hata mara moja. Dada yake alizikwa yeye akiwa juu, anachungulia dirishani. Alimwomba mumewe kitu kimoja tu: chumba cha chini, hata kiwe kidogo, akae mlangoni aone watu.

Ungedhani ni kazi ya siku mbili kwa mtu mwenye funguo za nusu ya mtaa mfukoni. Lakini mganga hajigangi. Ya Tatu alijua kilichomfukuza kila mpangaji: hapa panya, pale bomba, kule mwenye nyumba anayegonga milango alfajiri. Akakataa hiki, akakataa kile, miezi saba ikayoyoma. Mkewe akiuliza, jibu lilikuwa lilelile: "Vumilia, mke wangu, nakutafutia kilicho bora."

Hatimaye kikapatikana, nyuma ya duka la mbao, kwa bibi mmoja mjane. Kizingiti kimoja tu, dirisha linatazama njia. Moyo ulimruka, ila usoni hakuonyesha kitu, maana dalali anayeonyesha kupenda amekwisha. Akagonga ukuta kwa kidole, akaguna.

"Bibi, hiki kina unyevu. Giza pia. Sijui nani atakitaka."

Alitaka kumlainisha kwanza, arudi baadaye aseme kinyonge kwamba basi, atakichukua yeye, kwa kodi ndogo. Nyumbani alimwambia mkewe afunge vyombo. Kwa bibi alipita kila siku, na kila siku akakiponda chumba, mpaka ile sifa mbaya ikamkaa kichwani hata yeye.

Jumatatu akaja mshona nguo, ana haraka. Ya Tatu akatafuta kibovu cha kuanzia, akakumbuka kile cha choo kimeshapata mtu. Basi akampeleka kwa bibi. Nani angekitaka?

"Kina unyevu, dada yangu," alimwambia mlangoni. "Tupite tu, kuna vingine."

Mshonaji alivua viatu, akaingia, akasimama dirishani. "Cherehani itakaa hapa. Wapita njia wote wataniona. Bibi, nimekipenda."

"Usiwe na haraka, tazama kwanza viwili vingine."

"Vya nini, kaka? Nimechoka kuzunguka."

Bibi akampa mkono palepale, kwa furaha. Ndipo Ya Tatu akamvuta bibi pembeni. "Bibi, hiki nilikitaka mimi. Mke wangu mgonjwa, hawezi ngazi."

Bibi alimkazia macho. "Wewe? Si umekiponda wiki nzima? Mwanangu, ungesema siku ya kwanza ningekupa. Sasa nimeshampa mwenzio neno langu."

Ya Tatu alikuwa amejikaanga kwa mafuta yake mwenyewe, na aliyeungua ni mkewe.

Mchana huo alipanda ngazi polepole kuliko siku zote. Mkewe alikuwa amekaa karibu na mlango, amevaa viatu, vyombo amevifunga kwenye mashuka mawili.

"Tunahama leo?"

Mdomo wa Ya Tatu ukaanza wenyewe, kwa sauti laini ya kazini. "Kile chumba, kusema kweli, kilikuwa na unyevu. Giza pia. Ungekiona usingekipenda. Lakini kuna kingine nakifuatilia, kizuri zaidi..."

Mkewe alimwacha amalize.

"Mume wangu," alisema, "mimi si mteja wako."

Akavua viatu. Akainama kwa shida, akaanza kufungua fundo la kwanza. Ya Tatu alinyoosha mkono amsaidie; mkewe akauvuta mzigo upande wake, akaanza kutoa sufuria moja moja na kuzipanga sakafuni, bila kumtazama.