Dizeli Iliyomwingia Malimi Kifuani

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, ziwa liliamka likinuka kama gereji. Zilikuwa enzi za ruksa: wenye fedha wanafungua viwanda vya minofu, minofu inapanda ndege, na sisi wa hapa tunakula mapanki, yale mifupa na vichwa vya sangara vinavyobaki kiwandani. Nilikuwa bado msichana, nimeolewa na Malimi, tunakaa pembeni kidogo ya Kigongo. Yeye anavua, mimi naanika dagaa.

Boti la tajiri mmoja, lililokuwa likipeleka dizeli kwenye kambi za sangara visiwani, lilikuwa limegonga mwamba karibu na mwalo wetu, pale mitumbwi inapoegesha na kushusha samaki. Mapipa yalipasuka, na dizeli ikatambaa juu ya maji mpaka kwenye matete. Msimamizi wa tajiri akaja na gari, akaita vijana wenye nguvu waikombe kwa ndoo na magunia. Hakuleta glovu wala buti. Alileta soda. Yeye mwenyewe alikwenda kusimama kule upepo unakotokea, leso puani. Hilo nililiona kwa macho yangu, na halijanitoka mpaka leo, maana lilinionyesha kwamba mtu yule alijua.

Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alishuka mpaka majini.

"Malimi, toka humo. Umeniambia mwenyewe kichwa kinakuuma na unasikia kizunguzungu. Unangoja nini kingine?"

"Mama, leo nani atavua kwenye mafuta haya? Acha nifanye hii kazi, tupate cha kula."

Mama mkwe akamgeukia msimamizi. "Na wewe baba, mbona umejiziba pua?"

"Shikamoo, bibi," msimamizi akacheka. "Nina mafua tu."

Bibi hakuitikia ile shikamoo. Sijawahi kumwona akimnyima mtu marahaba, si kabla ya hapo, si baada yake.

Mchana pampu ya kutolea dizeli iliyobaki ndani ya boti ikagoma. Malimi akachukua mpira, akatumbukiza ncha moja kwenye dizeli, nyingine akaitia mdomoni, akavuta. Ikamjia kwa kasi kubwa kuliko alivyodhani. Akapaliwa, akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Rafiki yake Kulwa, aliyempenda kama ndugu wa tumbo moja, akapiga kelele: "Leteni maziwa! Atapike, sumu itoke!" Wakamnywesha, wakamtia vidole kooni. Akatapika, na kila alipotapika akapaliwa upya.

Kabla jua halijazama alikuwa anahema kama aliyekimbia mbio ndefu, midomo imegeuka rangi. Msimamizi akakataa kutoa gari, eti litanuka. Tukampakia kwenye pikapu ya mapanki mpaka hospitali, mjini.

"Nani alimtapisha?" daktari akauliza.

"Mimi," Kulwa akajibu.

Daktari hakumfokea. Alimweleza taratibu kwamba dizeli ikiingia kwenye mapafu inayaunguza, na kumtapisha mtu ni kuifungulia njia ya kuingia tena. Kulwa akakaa palepale sakafuni, akalia kama mtoto.

Malimi hakufa siku ile. Walinirudishia mtu anayepumzika mara mbili kati ya nyumba na choo. Kasia hakulishika tena. Tajiri alituma ujumbe kwamba ugonjwa ule ni wa sigara, na mume wangu hakuvuta sigara maishani mwake! Vijana wengine miguu ilibabuka, wakakohoa kwa wiki nyingi, wakanyamaza. Walitaka waitwe tena kazini, na siwalaumu. Mvua zilipokuja, nimonia ikamkuta Malimi na kifua kile, ikamchukua. Kulwa ndiye aliyechimba kaburi, akakataa kupokewa jembe. Siku hiyohiyo tulipokuwa tunazika, boti la tajiri lilipita likinguruma kwenda visiwani, limepakwa rangi mpya.

Sijasamehe. Watu wa kanisani wananiambia nisamehe, nami nawaambia bado.

Basi wewe, mwanangu, mafuta yakimwagika ziwani, kaa mbali, simama upepo unakotokea, na watoto wasiingie majini kuoga wala kuchota. Yakikugusa, vua nguo hizo, jioshe kwa sabuni na maji safi. Usivute mafuta kwa mdomo, hata bosi akikuharakisha. Mwenzako akiyameza, usimtapishe. Mkimbize hospitali, hata kama bado anacheka na kusema hana neno. Kichwa kikianza kukuuma kazini, ondoka. Na yeyote anayekutuma mahali ambapo yeye mwenyewe hathubutu kuvuta pumzi, mkatalie mbele ya watu.

Mungu akulindie kifua chako. Akupe pumzi ndefu ya kufanyia kazi na kuimbia watoto wako, na uzee ukukute unapanda mlima bila kusimama.