Nimebeba kosa la mchumba wangu, na aliyevunjika mguu ni baba yangu mdogo

Admin, naomba unifichie jina, na wadau naomba mnivumilie maana ni maelezo marefu. Mimi ni msichana wa miaka 26, natokea Robanda, nilimaliza kidato cha nne na kwa sasa nafanya kazi ya mkataba kwenye mradi mmoja hapa Mugumu. Nina tabia ya kuandika kila siku yangu kwenye daftari, na tarehe yake, kwa hiyo ninayowaeleza sikisii.

Mradi wetu una programu ya simu kwa ajili ya wakulima wanaopakana na hifadhi. Mkulima akiona nyayo za tembo anatoa taarifa, na tembo wakisogea kijiji husika kinapewa tahadhari. Maneno yote yanayotokea kwenye simu yamewekwa kwenye mafaili, kila lugha na faili lake: Kiswahili, Kikurya, Kiikoma. Kila ujumbe una namba, na namba ni zilezile kwenye mafaili yote. Faili la Kiikoma ni langu. Nilizunguka kwa wazee miezi minne, sentensi moja baada ya nyingine, mpaka zikabaki sita za tahadhari. Wazee wa kwetu na wale wa upande wa Nata walikuwa hawajakubaliana zisemeje, tukapanga kukaa Jumamosi.

Fundi wa mitambo pale ofisini ndiye mchumba wangu. Nitamwita Marwa, si jina lake, kwao ni Tarime. Jumanne alinijia mezani.

"Alhamisi wageni wa makao makuu wanakuja. Kiikoma bado ni njano, mimi nataka kijani."

Faili likijaa lote ndipo rangi inakuwa kijani. Nikamwambia, "Ziache wazi hizo sita. Zikiwa wazi si simu inachukua Kiswahili? Mtu ataelewa."

"Kwani nani anasoma Kiikoma, mama?" akacheka. Kisha akasema sawa.

Alhamisi wageni walikuta kijani. Niliona, nikamuuliza, akasema amerekebisha rangi tu. Nikamwamini. Hilo nalo nililiandika.

Wadau, alikuwa amechukua sentensi yangu moja ya Kiikoma, ile ya "Asante, taarifa yako imepokelewa", akaibandika kwenye namba zote sita. Na aliingia kwa jina langu. Neno langu la siri analo tangu aliponiwekea kompyuta, na mimi sikuona ubaya kwa mtu anayetaka kunioa.

Ijumaa alfajiri tembo walivuka kuja upande wetu. Waliochagua Kiswahili waliandikiwa msitoke, msiende mashambani. Baba mdogo, aliyenilea tangu baba afariki, Kiswahili anakisoma vizuri kuliko mimi. Lakini simu yake aliiweka Kiikoma kwa sababu yangu. Alikuwa anawaonyesha watu sokoni: "Haya maneno kaandika binti yangu." Asubuhi ile simu ikamwambia asante. Jana yake alikuwa ametoa taarifa ya nyayo, akajua anajibiwa hiyo. Akaenda kuangalia mtama wake. Tembo dume alikuwa humohumo ndani. Amevunjika paja, amewekewa chuma, na daktari hajasema kama atatembea bila magongo.

Nilipofika hospitali, shangazi alinipokea mlangoni na sauti ya juu: "Msomi wetu huyo! Tembo wanakuja, yeye anatushukuru!" Watu wakageuka. Baba mdogo akajaribu utani: "Simu ilisema asante, nami nikasema karibu, nikachukua jembe." Hakuna aliyecheka. Kisha akaniuliza taratibu, "Mwanangu, ilikuwaje?"

Nikamjibu, "Nilikosea, baba."

Sijui kwa nini. Nilikuwa nimeshafungua faili na kuona, nilijua ni Marwa. Akanishika mkono, akamwambia shangazi, "Mwacheni mtoto, hakuna asiyekosea." Amenisamehe mbele ya ukoo mzima kwa jambo ambalo sikulifanya.

Marwa nilimfuata ofisini. Hakukataa. Alisema, "Kwenye mfumo linaonekana jina lako. Andika tu kwamba ulichanganya mistari. Wewe watakupa onyo, mimi watanifukuza. Na wazee wangu mwezi ujao wanakuja kwenu kuzungumza ng'ombe, unataka waje kwa aibu?"

Nikamuuliza, "Na wanaenda kuzungumza na nani, Marwa? Si na huyo aliyelala wodini?"

Akaniambia, "Usiwe na hasira, mama. Tutamletea matunda."

Ameleta kweli. Ndizi na machungwa. Baba mdogo anamsifu hadi leo.

Sasa meneja ameshasema Kiikoma kitaondolewa kabisa, kwa kuwa mfasiri si mtu makini. Maneno ya wazee wote wale yanafutwa kwa sababu ya mtu aliyetaka rangi. Jumatatu saa tatu anataka maelezo yenye saini yangu. Marwa ameshaniandikia ukurasa mzima, umechapwa vizuri, bado jina langu tu pale chini. Kila akipita anauliza, "Umesaini?" kama anauliza nimekunywa chai.

Nikikataa, uchumba umekwisha, na ukoo utasema nimemgeuka mwanaume ili nijisafishe, maana kwa mdomo wangu nilishakiri. Nikisaini, nitaolewa na huyu mtu, na baba mdogo ndiye atakayenikabidhi.

Msinitukane, tusi la shangazi linanitosha. Ninachowaomba ni hiki: nianze kumwambia nani ukweli, meneja, au mzee wangu mwenye chuma pajani, ambaye kila nikienda kumwona ananiuliza kwanza, "Marwa hajambo?"